Dizeli, Petroli au Umeme: Gari Gani Linachafua Hewa ya Uganda, na kwa Kiasi Gani?

Anayekwenda kutafuta gari kwenye bondi za Nakawa, yadi za magari yaliyoagizwa kutoka nje jijini Kampala, huuliza bei, huuliza vipuri, kisha huuliza linakula mafuta kiasi gani. Habari ya moshi haiulizwi, na ikiulizwa hujibiwa kwa mkato: dizeli chafu, petroli afadhali, umeme safi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Dizeli huishinda petroli katika jambo moja na kushindwa vibaya katika jingine. Gari la umeme nalo ni safi kwa kadiri ya mtambo unaolilisha. Na katika barabara zetu kuna jambo linalozidi hayo yote: umri wa gari, na kama vile vilivyofungwa kiwandani ndani ya ekzosi bado vimo.

Uchafu wenyewe ni wa namna mbili, na watu huuchanganya. Upo unaopandisha joto la dunia, na huo hasa ni hewa ya ukaa. Haina rangi, haina harufu, wala haimkoholeshi mtu barabarani. Kiasi chake hakitegemei ustadi wa fundi, kinategemea mafuta uliyochoma: kila lita ya petroli hutoa takriban kilo 2.3, na ya dizeli takriban kilo 2.7. Wengi hushangaa lita isiyofika kilo moja itoeje zaidi ya kilo mbili. Sababu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi ni wa hiyo oksijeni.

Namna ya pili ndiyo inayojaza wodi. Humo mna masizi, oksaidi za naitrojeni, kaboni monoksaidi na mvuke wa mafuta ambayo hayakuungua. Masizi hupimwa pamoja na vumbi jingine laini kwa kipimo cha PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikroni mbili na nusu, karibu sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2021 liliweka kikomo cha wastani wa mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa mwaka. Kampala iko juu ya hapo mara kadhaa, na haya hayasemwi kwa kukisia: mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitundika vipimo vyake mjini tangu 2015, vingine vikafungwa kwenye bodaboda ili vizunguke na watu. Si magari peke yake yenye lawama. Mkaa wa jikoni, takataka zinazochomwa na vumbi la barabara zisizo na lami vina fungu lao. Lakini ukisimama Clock Tower saa kumi na mbili jioni huhitaji kipimo kujua fungu la magari.

Tuingie kwenye injini. Ya petroli huchanganya mafuta na hewa kwanza, huukandamiza mchanganyiko huo mara kumi hivi, kisha plagi huurushia cheche. Ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa tupu na kuikandamiza mara 15 hadi 20 mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, halafu nozeli hunyunyiza mafuta ndani yake yakawaka yenyewe. Mkandamizo huo mkubwa ndio siri ya ubahili wa dizeli. Injini ambayo Rudolf Diesel aliipima mwaka 1897 ilipata ufanisi wa takriban asilimia 26, kitu ambacho injini za mvuke za siku zile hazikukaribia. Leo injini nzuri ya dizeli hugeuza asilimia 35 hadi 40 ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Ya petroli hufikia 25 hadi 35, na katika foleni ya Jinja Road hushuka chini ya hapo, kwa kuwa injini inayonguruma gari likiwa limesimama ina ufanisi wa sifuri. Kinachobaki ni joto linalotoka kwa rejeta na ekzosi.

Kinachoipa dizeli nguvu ndicho kinachoichafua. Mafuta yakinyunyiziwa ndani ya hewa ya moto, tone huanza kuungua kwa nje huku katikati hakujafika oksijeni ya kutosha. Hapo ndipo masizi huzaliwa. Wakati huo huo joto kali na hewa ya ziada huifanya naitrojeni, ambayo kwa kawaida haijishughulishi na mtu, iungane na oksijeni. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa petroli haukuwekwa katika kundi hilo.

Petroli ina bahati ya pili. Mafuta yake huwa yamechanganyika na hewa kabla ya kuwaka, hivyo masizi ni machache, ingawa injini mpya zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zimeanza kuyaongeza. Gesi zake nyingine husafishwa na kataliti: kopo la chuma lililo kwenye ekzosi, ndani lina masega yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi zenye sumu zikipita humo hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, naitrojeni na hewa ya ukaa. Ila kataliti ina masharti. Inataka hewa gramu 14.7 kwa kila gramu ya petroli, kazi inayosimamiwa na sensa ya oksijeni, na haianzi kufanya kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi. Kwa hiyo gari linalompeleka mtoto shule kilomita mbili asubuhi na kurudi huchafua zaidi kwa kila kilomita kuliko linalokwenda safari ndefu ya Masaka.

Hapa ndipo hesabu za vitabuni na za barabarani zinapoachana. Madini yaliyomo kwenye kataliti yana bei, na wanunuzi wa kataliti kuukuu hawakosekani. Mwenye gari huambiwa kopo limeziba, linaondoa nguvu, litolewe. Linakatwa, bomba tupu linachomelewa mahali pake, na gari kweli linaonekana jepesi kwa wiki mbili. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, balbu yake inazimwa. Upande wa dizeli mambo ni hayo hayo: magari ya karibuni huja na kichujio cha masizi ambacho hujisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la karibu nyuzi 600. Joto hilo hupatikana kwenye safari ndefu, si kwenye foleni ya Wandegeya. Kichujio huziba, fundi hukitoboa ndani na kukirudisha kikiwa gamba. Kwa macho kipo. Gari la namna hiyo, hata kama lilitoka kiwandani likiwa limefaulu vipimo vyote vya Ulaya au Japani, hapa ni jiko la moshi.

Wala tusidhani hila ni za mafundi wa mtaani tu. Septemba 2015 Marekani ilifichua kwamba Volkswagen iliweka kwenye magari yake ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa, ikapunguza uchafu kwa muda huo tu. Barabarani oksaidi za naitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Takriban magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Moshi wa ekzosi unaweza kuusoma mwenyewe. Mweusi una maana mafuta ni mengi kuliko hewa: eya klina imejaa vumbi, au nozeli zimechoka na zinamwaga badala ya kunyunyiza. Wa bluu ni oili inayoungua, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha. Mweupe mzito usiokatika baada ya injini kupata moto ni maji ya rejeta yanayopenya kwenye silinda. Na gari la petroli lisilotoa moshi wowote lakini likikuchoma macho ukisimama nyuma yake, basi kataliti imekufa au imeuzwa. Ushauri wangu kwa anayenunua: lala chini, tazama ekzosi kuanzia injini hadi nyuma. Sehemu yenye alama mpya za kuchomelea ina hadithi.

Mafuta yenyewe yameboreka. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya iko kwenye 10, lakini 50 inatosha kwa vichujio vingi kuishi. Kinachoharibu ni uchakachuaji. Dizeli iliyotiwa mafuta ya taa hupandisha salfa na kuua pampu, na ndiyo maana mafuta yanayoingia nchini hutiwa alama ya kemikali ili wakaguzi wajue vituoni kama yamechezewa.

Sasa umeme. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 85 ya nishati kuwa mwendo, na gari likisimama haitumii kitu. Tuchukue gari la kawaida la familia likitembea kilomita 100 mjini. La petroli likila lita 10 limetoa kilo 23 za hewa ya ukaa. La dizeli la ukubwa huo litakula lita 7 na nusu, kilo 20. La umeme litakula yuniti 20 hivi (yuniti moja ni kilowati-saa moja), ukijumlisha na zinazopotea wakati wa kuchaji. Zile lita 10 za petroli zina nishati ya karibu yuniti 90, kwa hiyo la umeme linafanya kazi ile ile kwa chini ya robo. Kwa mfuko: petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita ni 50,000, yuniti 20 za Yaka, umeme wa kulipia kabla, nyumbani hazifiki 20,000. Vilima vya Kampala vinasaidia pia, kwani ukishuka Kololo mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya chaji kwenye betri. Gari la mafuta likishuka hapo linakula breki tu.

Usafi wake unategemea yuniti hizo zimetoka wapi. Afrika Kusini, ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe, yuniti 20 hubeba kilo 18 hadi 20 za hewa ya ukaa, sawa na lile gari la dizeli. Uganda zaidi ya asilimia 80 ya umeme ni wa maji, na mitambo mikubwa yote imejipanga kwenye Nile: Nalubaale ya mwaka 1954, Bujagali ya 2012 yenye megawati 250, Isimba ya 2019 yenye 183, na Karuma yenye 600 iliyozinduliwa 2024. Gari linalochajiwa hapa ni miongoni mwa yaliyo safi zaidi duniani, na sioni kwa nini hatulisemi hili kwa sauti zaidi. Umeme ukikatika ukachaji kwa jenereta ya dizeli, utachoma lita 6 au zaidi kwa yuniti hizo 20, kilo 16 na kuendelea, na masizi yote umemwachia jirani.

Deni la betri lipo. Kuitengeneza ya kilowati-saa 40 hutoa tani mbili na nusu hadi nne za hewa ya ukaa kabla gari halijatembea hata mita moja. Kwa akiba ya karibu kilo 20 kila kilomita 100, deni hilo hulipika kwenye kilomita 20,000 au pungufu ya hapo. Vumbi la matairi halikwepeki, na kwa kuwa betri ni nzito linaweza kuongezeka kidogo.

Kama ningepewa kuchagua pa kuanzia, nisingeanza na gari la familia. Ningeanza na bodaboda. Nyingi hazina kataliti kabisa, na zinashinda barabarani kutwa nzima. Ya petroli hula lita mbili hadi tatu kwa kilomita 100. Ya umeme yuniti nne hivi, na kampuni kama Zembo na Spiro humbadilishia dereva betri kituoni kwa dakika chache badala ya kumsubirisha achaji. Baada ya boda yaje mabasi. Kazi iliyoanza Makerere na gari dogo la Kiira EV mwaka 2011 sasa ina kiwanda Jinja, na basi la umeme la Kayoola hubeba abiria 90, mzigo wa teksi zetu (matatu) zaidi ya sita. Basi moja lililojaa huondoa moshi mwingi kuliko magari kumi ya umeme ya watu binafsi.

Hata hivyo magari ya umeme yaliyotumika yameanza kuingia bondi, na kuyakagua ni kazi tofauti. Kilomita za kwenye dashibodi hazikuambii sana. Omba gari lisomwe kwa kompyuta uone asilimia ya afya ya betri, hasa kwa aina kama Nissan Leaf, ambayo betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji na huchoka haraka kwenye nchi za joto. Gari lililokuwa likienda kilomita 200 lilipokuwa jipya, betri ikibaki asilimia 65, litakwenda 130. Jinja utafika. Kurudi Kampala utahitaji kwanza kujua pa kuchajia.