Kirutubisho sio dawa, hata kama vyote vinatoka kwenye mti

Wiki iliyopita karatasi ya dada yetu wa mapokezi imezunguka ofisini kwetu, anauza unga wa majani ya mlonge, pakiti moja shilingi elfu tano, juu imeandikwa kwa herufi kubwa VIRUTUBISHO ASILIA halafu chini yake DAWA YA PRESHA, SUKARI, VIDONDA VYA TUMBO NA UCHOVU WA KAZI. Sina ugomvi na mlonge, nyumbani upo uani na tunaula. Ugomvi wangu ni hayo maneno mawili kukaa karatasi moja kana kwamba ni kitu kimoja, na nimeshayaona hivyo mara nyingi mpaka nimechoka.

Maana yenyewe fupi. Kirutubisho ni kitu ambacho mwili unakitegemea uishi na ujijenge, kama protini, madini chuma, vitamini, na ukikikosa kwa muda unaugua. Dawa unapewa kwa sababu kuna kitu kimeshaharibika. Kipimo rahisi ni kuuliza, hivi mtu anaweza kuugua kwa kukikosa hiki? Ukikosa vitamini A macho yanaanza kugoma usiku. Lakini hakuna mtu anayeumwa kichwa kwa upungufu wa Panadol, na hakuna aliyewahi kulazwa kwa upungufu wa mwarobaini mwilini. Kwa hiyo mwarobaini, na jina lake lote la magonjwa arobaini, haujawahi kuwa kirutubisho, watu wanautumia kama dawa, na huo ni mjadala mwingine.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe maana hapa ndo pananikera. Kirutubisho kimetoka kwenye kurutubisha, na kurutubisha kumetoka kwenye rutuba, na rutuba tumeichukua kwa Waarabu, kwao ni unyevu. Unyevu tu. Mpaka leo ndugu zetu walioko Maskati wakisikia rutuba kwenye utabiri wa hali ya hewa ujue wanaambiwa leo kuna unyevunyevu hewani, shati litagandana na mgongo, hakuna habari ya mbolea hapo. Sisi wakulima tukaona udongo wenye unyevu ndio unaotoa mahindi, basi neno likahama toka kwenye maji likaenda kwenye uzazi wa shamba, baadaye likapanda kwenye mwili wa binadamu. Na lina ndugu yake ambaye wengi tunamtaja bila kumjua. Tiba ya zamani ya Kiyunani iliyopita kwa Waarabu iligawa kila kitu kwenye joto na baridi, unyevu na ukavu. Ukavu wao ndio huo yabisi. Bibi akilalamika magoti na kusema ana baridi yabisi, anasema kwa lugha ya matabibu wa kale kwamba baridi na ukavu vimemwingia viungoni. Rutuba ndio kinyume cha yabisi. Kwa hiyo ukisema kirutubisho, picha iliyomo ndani ni shamba linalonyweshewa taratibu, msimu hadi msimu. Shamba lililoingiwa na viwavijeshi hulimwagii samadi ukategemea wafe.

Halafu kuna virutubishi na virutubisho. Wataalamu wa lishe huku Tanzania wanapenda kuandika virutubishi, kwa i, wakimaanisha vile vilivyomo ndani ya chakula chenyewe, ndo maana unasikia unga ulioongezwa virutubishi. Virutubisho kwa o mtaani imekuwa ni ile kopo au pakiti unayouziwa. Sitamkamata mtu kwa herufi moja, ila ni vizuri kujua kwamba mchicha una virutubishi hata kama hauna lebo.

Kosa lingine liko kwenye neno dawa, hili nalielewa kabisa linakotoka. Kiswahili kimelipa dawa kazi nyingi mno, tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya moto ni moto, na Nairobi ukiingia mgahawani ukaagiza dawa unaletewa tangawizi na limau na asali kwenye kikombe. Kwa mazoea hayo mtu akisema mlonge ni dawa wala hadanganyi kwa nia mbaya, anamaanisha kinafaa. Shida inaanza pale msikilizaji anaelewa dawa ya hospitali. Jamaa mmoja wa stoo kwetu aliacha vidonge vya presha akawa anakoroga unga kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi, tulipokuja kupimwa wote pale kazini mashine ikasoma 178 kwa 110, na yeye anasema mbona najisikia vizuri. Presha ndo ilivyo, haipigi hodi.

Kuna mahali kirutubisho kinaponya kweli, nisiwe mbishi. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, fizi zinaoza, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa kitu tofauti. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku wakapona haraka, mmoja akarudi kazini ndani ya siku sita. Huo ni ugonjwa wa kazini kabisa, watu wako baharini miezi wanakula biskuti kavu na nyama ya chumvi. Lakini angalia walichoumwa, waliumwa kwa kukosa, na limau likarudisha kilichokosekana. Limau hilohilo umpe mtu aliyevunjika mguu hutaona muujiza.

Na hata kwenye kulisha kwenyewe hesabu zinapigwa vibaya. Ile sifa ya kwamba mlonge una kalsiamu mara 17 ya maziwa inalinganisha unga mkavu na maziwa ambayo karibu yote ni maji, gramu kwa gramu. Tuikubali hiyo 17. Kijiko cha chai cha unga ni kama gramu 3, utapata miligramu 60 hivi. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Nani anakunywa kikombe cha unga? Na vitamini C ya majani mabichi inapotea nyingi ukiyaanika juani, kwa hiyo sifa ya jani bichi isihamishiwe kwenye pakiti.

Kingine ni pale kantini. Mtu anakula wali, maharage na mchicha halafu anashushia na chai ya rangi nzito, anasema anaongeza damu. Chai inazuia madini chuma ya mboga yasifyonzwe vizuri. Sogeza chai saa moja au mbili mbele, kamulia ndimu kwenye mchicha, hapo umejisaidia kuliko pakiti ya elfu tano. Uchovu wa kazi nao, kwa shifti zetu za usiku, mwingi ni usingizi, joto na maji ya kunywa ambayo yanaisha saa nne. Unga haujazi dispensa ya maji, na hilo nimemwambia bosi.

Kwa hiyo dada yangu wa mapokezi, mimi niwekee pakiti mbili, natia kwenye uji wa watoto. Ila kwenye karatasi tuondoe lile neno dawa na ile orodha ya magonjwa, tuandike majani ya mlonge makavu, mboga, na yule jamaa wa stoo akija kununua muulize kwanza kama leo amemeza vidonge vyake.