Mjomba, Newala na darubini kubwa

"Mpwa wangu, darubini hiyo si mngeijenga hapa?" Mjomba aliniuliza jioni moja tumesimama Shimo la Mungu, Newala, kusi inavuma na bonde la Ruvuma limelala chini yetu. Kazi yangu ni kupima hewa na anga mahali panapofikiriwa kujengwa vituo vya darubini, na kila nikirudi nyumbani swali ni hilohilo.

Kwa giza, mjomba ana haki. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kinapita karibu na utosi. Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu ambazo Ulaya hazionekani kabisa, sisi tunayatazama tukiwa uani.

Kinachotukwamisha ni hewa. Nilimwonyesha nyota zilizokuwa juu ya bonde: zilimetameta kama kibatari kwenye upepo. Kusi inapanda ukingo wa uwanda, hewa ya baridi inachanganyika na ya vuguvugu, na mwanga wa nyota unapindapinda kabla ya kutufikia. Kupima jambo hilo, tunafunika mdomo wa darubini ndogo kwa kifuniko chenye matundu mawili, ili nyota moja itoe picha mbili. Upepo ukitikisa stendi, picha zote mbili zinasogea pamoja, nasi hatuhesabu. Kila moja ikicheza kivyake, hiyo ni hewa. Hapo tunajua nyota imetanuka kiasi gani, kwa sekunde za tao. Sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi. Paranal, mlima wa Chile wenye kituo kikubwa cha darubini, mita 2,635 juu ya bahari, usiku wa kawaida nyota haitanuki hata sekunde 1.

Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, haufiki mita 1,000, na hapa ndipo urefu unapokuwa na maana yake. Paranal, au Mauna Kea ya Hawaii yenye mita 4,205, kilele kinatokeza juu ya tabaka la hewa ya joto lililofunika hewa ya bahari kama kifuniko cha sufuria. Mawingu na unyevu hubaki chini. Sisi wa Newala tumo ndani ya sufuria.

Mjomba alishangaa kusikia unyevu. Bibi zetu waliteremka mabondeni alfajiri kutafuta maji, kwa sababu mchanga wa uwandani unameza mvua yote. Ni kweli, ardhi ni kavu. Lakini hewa iliyo juu yake ni mbichi, na mabati ya nyumba yake asubuhi yanatiririka umande. Mvuke wa maji mwingi umekaa katika kilomita chache za chini, nao hunyonya mawimbi ya milimita, yaani mawimbi mafupi ya redio yatokayo angani. Ndiyo maana darubini za ALMA, zinazopokea mawimbi hayo, zilipelekwa Chajnantor, Chile, kwenye mita 5,000 hivi. Wala urefu peke yake si kila kitu: H.E.S.S., kituo cha darubini za miali ya gama huko Namibia, kiko mita 1,800 tu, ila hewa yake ni ya jangwani.

Kuna na majira. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni mvua. Anga linapotakata, kuanzia Juni, wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kisha unafuata moshi wa kuchoma mashamba. Vumbi la salfa juu ya kioo cha darubini silitaki hata kidogo, hasa kilichopakwa fedha, kwa kuwa misombo ya salfa huifanya fedha kuwa nyeusi. Na siwezi kumwambia mkulima wa korosho aache kupuliza.

Pamoja na hayo, kwa darubini ndogo ya wanafunzi, giza hili ni mali, na ningependa sana iwepo. Kwa hiyo nawaomba mlio Kitangari, Tandahimba au kule Rondo: usiku usio na mawingu wekeni kioo cha kujitazamia nje, uso juu, mbali na mti na ukuta. Kioo hupoa kuliko hewa inayokizunguka, kama kitakavyopoa kioo cha darubini. Kipitieni kila saa kwa tochi, mwandike saa kilipoanza kulowa na upepo ulikotoka. Mjomba ameshaanza. Cha kwake kililowa kabla ya saa nne usiku.