Gemu za simu zenye hadithi: kwa nini nyingine hazikutoki kichwani

Kazi yangu ni kuandika hadithi za gemu: mazungumzo ya wahusika, machaguo anayopewa mchezaji, na yanayofuata baada ya kila chaguo. Vijana wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza sana inawezekanaje kioo kinachoenea kiganjani kibebe hadithi ya kumliza mtu, wakati gemu kubwa za kompyuta na PlayStation zina picha kama za sinema, waigizaji wa kulipwa na muziki wa okestra.

Jibu langu ni hili, na nitalitetea hadi mwisho: gemu ya simu hukushika pale mwandishi anapoacha kuiona simu kama runinga ndogo, akaanza kusimulia kwa yale ambayo simu huyafanya kila siku. Simu hupokea meseji. Simu hunyamaza wakati unasubiri jibu kwa hamu. Inashinda mfukoni mwako na usiku inalala kando ya mto. Inaguswa kwa kidole gumba. Mwandishi akivitumia hivyo vizuri, hahitaji okestra.

Chukua gemu ya Lifeline, iliyotoka mwaka 2015, hadithi yake ikiwa imeandikwa na Dave Justus. Haina picha za kuhesabika. Ni maandishi tu juu ya kioo cheusi. Taylor, mwanafunzi aliyekuwa ndani ya chombo cha anga, ameanguka katika mwezi wa mbali na kifaa chake cha mawasiliano kinamfikia mtu mmoja tu, yaani wewe. Anakueleza anachokiona na kukuomba ushauri. Ukimwambia atembee kuelekea mahali fulani, anaaga na kuondoka, na safari ikiwa ya saa nzima basi utakaa saa nzima bila kumsikia. Unaendelea na shughuli zako. Uko kwenye daladala, uko kazini, unakoroga uji, mara simu inatoa mlio: Taylor amefika, na kuna jambo halijakaa sawa.

Kitaalamu hili ni jepesi mno. Programu inaiachia simu agizo kwamba baada ya muda fulani itoe arifa fulani. Hata intaneti haihitajiki. Uzito wake uko katika usimulizi. Sisi tuliokua tukisoma hadithi za mfululizo magazetini tunalijua neno "itaendelea" na jinsi lilivyoweza kukutesa wiki nzima. Lakini gazetini wasomaji wote husubiri pamoja, na mhusika hajui kwamba unamsubiri. Taylor anajua. Yuko peke yake, na aliyemtuma huko ni wewe.

Kuna tukio moja humo ambalo nimelifundisha mara nyingi. Usiku unakaribia, baridi ni kali, na Taylor anafikiria kulala karibu na mtambo wa nyuklia wa chombo chake ili apate joto. Anakutajia kiwango cha mionzi, rad 150, na kukuuliza kama mwili wa binadamu unakistahimili. Gemu haikupi jibu. Watu wengi huiacha kwa dakika kadhaa, wakafungua intaneti kwenye simu ileile na kutafuta. Hapo mpaka kati ya gemu na maisha umeshafutika: unafanya utafiti wa kweli kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, kwa kuwa hutaki afe kwa uzembe wako.

Ila gemu ninayoipa heshima kuliko zote za aina hii ni Bury Me, My Love, iliyotengenezwa Ufaransa na studio ya The Pixel Hunt pamoja na washirika wake, kikiwemo kituo cha televisheni cha ARTE, ikatoka mwaka 2017. Florent Maurin, aliyeiongoza, alitoka kwenye uandishi wa habari, na chanzo chake ni makala ya gazeti la Le Monde ya mwaka 2015, ambamo Lucie Soullier alionyesha safari ya mwanamke mmoja wa Syria kuelekea Ulaya kupitia meseji zake za WhatsApp. Mwanamke huyo mwenyewe alishirikishwa katika kuitengeneza gemu, na unausikia ushiriki wake katika vitu vidogo: mzaha unaoingia katikati ya hofu, na namna mtu anavyoficha habari mbaya ili asimtie wa nyumbani wasiwasi.

Ndani yake Nour ameondoka Homs, mji wa Syria, kutafuta njia ya kufika Ulaya. Mume wake, Majd, amebaki na mama yake na babu yake. Unacheza nafasi ya Majd. Yaani wewe ni yule aliyebaki. Huvuki mpaka, hupandi mashua, hukimbizwi na polisi. Una simu tu, na simu hiyo inafanana na yako: mazungumzo yanapanda juu ya kioo, kuna picha za kujipiga, kuna emoji, na kuna ile alama inayokuonyesha kwamba mwenzako hayupo hewani.

Uamuzi wa kumweka mchezaji nyumbani ndio ulioijenga kazi nzima. Mwandishi wa kawaida angempa mchezaji Nour amwongoze: kimbia, jifiche, ogelea. Tungepata gemu ya misukosuko, na mateso ya watu yangegeuka vizuizi vya kuruka. Waandishi hawa walijua kwamba kwa kila mtu aliye njiani kuna mwingine nyumbani anayekodolea simu macho, na kwamba hofu ya huyo wa pili simu inaweza kuieleza kikamilifu bila kuongeza chochote. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa hali hiyo. Familia ngapi zina ndugu aliyepita njia ya Libya, au dada aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, na habari zake zote zikawa ni tiki mbili ambazo hazijageuka bluu?

Nour anapokwambia kwamba usiku huu wanapanda mashua, unamjibu, halafu kimya. Gemu inaweza kuchezwa kwa muda halisi, na ukiichagua namna hiyo kimya hicho ni cha saa nyingi. Huna cha kubonyeza. Katika kazi yetu tunafundishwa kumpa mchezaji kitu cha kufanya wakati wote, na hapa waandishi wamemnyima kwa makusudi, nao wako sahihi kabisa. Miisho iko 19. Mingine inamfikisha Nour salama, mingine inamwacha amekwama katika nchi ambayo hakuipanga, na mingine inamuua. Lililo gumu ni kwamba ushauri mzuri haukuhakikishii mwisho mzuri. Unaweza kumwambia abakize pesa, na baadaye ukakuta pesa hizohizo zingemnunulia njia iliyo salama zaidi. Hukupewa habari za kutosha, na Majd naye hakuwa nazo.

Florence ni kitu tofauti kabisa, na ndiyo ninayompa mtu anayesema hapendi gemu. Ilitoka siku ya wapendanao, Februari 14, 2018, ikaongozwa na Ken Wong katika studio ya Mountains huko Melbourne, Australia. Huyu Wong ndiye aliyekuwa mbunifu mkuu wa gemu nyingine ya simu, Monument Valley. Florence Yeoh ana miaka 25, anaishi peke yake, maisha yake ni kazi na simu za mama yake, kisha anakutana na Krish, mpiga sello, ala ya nyuzi kama fidla kubwa. Wanapendana, wanaishi pamoja, wanaachana. Inakwisha katika muda usiofika saa moja, na maneno ndani yake ni machache sana. Ilishinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza ya gemu ya simu mwaka 2019.

Hadithi yake iko kwenye kidole chako. Siku ya kwanza ya kutoka pamoja, ili Florence aseme jambo lazima upange vipande vya fumbo vijaze puto la maneno, kama lile la kwenye katuni. Mwanzoni vipande ni vingi na vinachukua muda, kwa sababu kuongea na mtu mgeni ni kazi. Mazungumzo yanavyoendelea vinapungua, mwishoni ni kimoja tu, unakiweka na neno limetoka. Hakuna aliyekuambia kwamba wamezoeana. Mkono wako umelijua hilo. Kisha baadaye wanagombana, na vipande vinarudi vikiwa na ncha kali. Sasa unashindana na Krish, anayemaliza kupanga haraka ndiye anayemzidi mwenzake kwa maneno. Nilipofika hapo vidole vyangu vilikuwa vinakimbia vyenyewe, na niliposhinda ugomvi ule nilitaka kuvipanga upya vipande vyote. Umeshinda, na ushindi huo ndio unaowavunja.

Halafu kuna rafu. Krish anapohamia, unapanga vitu vyake kwenye rafu za Florence, na nafasi haitoshi, kwa hiyo ni lazima uamue vipi vya Florence vitolewe. Mapenzi yakishakwisha unavifungasha vitu vya Krish kwenye boksi kwa tendo lilelile la kidole. Hakuna muziki wa huzuni unaoweza kufanya kile ambacho kurudia tendo kunafanya.

Mfano mwingine mzuri wa tendo dogo ni Reigns ya mwaka 2016: wewe ni mfalme, kila shauri linaletwa kwa kadi, unaisukuma kushoto au kulia, basi. Kanisa, wananchi, jeshi, hazina. Kimoja kikipungua sana au kikizidi sana, umekufa na anatawazwa mwingine.

Niingie sasa jikoni kwetu, kwa sababu wanaoanza hukwama mahali pamoja. Wanadhani hadithi ya machaguo ni hadithi inayogawanyika kila wakati. Piga hesabu. Machaguo kumi, kila moja likiwa na njia mbili zisizokutana tena, yanakupa njia 1,024. Machaguo ishirini yanazidi njia milioni moja. Hakuna mtu wa kuandika hayo. Kwa hiyo tunayaachanisha matawi, kisha tunayakutanisha, na tofauti tunaitunza katika kumbukumbu ya programu.

Tuseme dada anamuuliza mdogo wake kama ameshalipa kodi ya chumba. Mchezaji anaweza kusema kweli kwamba hajalipa, kudanganya, au kubadili mada. Njia zote tatu zinafika palepale: jioni mwenye nyumba anabisha hodi. Lakini aliyedanganya atamsikia dada akisema, "Ngoja kwanza, si uliniambia umeshalipa?" Aliyesema kweli atamkuta dada ameshafungua mkoba. Tukio ni moja, na maana yake imebadilika kabisa. Ndivyo fanani mzuri afanyavyo akitamba hadithi mbele ya hadhira: kisa hakibadiliki, lakini anakumbuka aliyecheka na aliyepinga, na anamrudia.

Mabingwa wa ufundi huu ni studio ya inkle ya Uingereza, na kazi yao ya 80 Days ya mwaka 2014 bado naiona kuwa kilele. Wamechukua riwaya ya Jules Verne ya kuizunguka dunia kwa siku themanini na kukupa nafasi ya Passepartout, mtumishi wa Phileas Fogg. Wewe ndiye unayefunga mizigo, unayetafuta usafiri na kuongea na watu. Meg Jayanth, mwandishi wake mkuu, aliandika maneno zaidi ya 500,000 pamoja na wenzake, na safari moja hukuonyesha sehemu ndogo tu. Dunia yenyewe ni ya mwaka 1872 iliyobuniwa upya, yenye mitambo ya ajabu, na ambamo watu wa Asia na Afrika wana mitambo yao na siasa zao. Jayanth amelieleza hadharani wazo lililomwongoza: watu unaokutana nao njiani wana mambo yao wenyewe, na mengine hayakuhusu wewe uliyepita. Nahodha anaweza kukataa kukujibu. Mwanamke uliyemdhania mfanyabiashara anaweza kuwa katikati ya mapinduzi, na meli yako ikang'oa nanga kabla hujajua yaliishaje. Kwa mtu aliyesoma hadithi za wasafiri wa Kizungu wa karne ile, ambamo wenyeji ni wabeba mizigo tu, hii ni pumzi.

Lipo kundi la gemu za hadithi nisilolipendekeza, hata kama linapakuliwa sana: zile ambamo chaguo zuri linauzwa. Unaambiwa useme ukweli bure au umkumbatie mpenzi wako kwa almasi kadhaa za ndani ya gemu, na almasi zikiisha ununue. Sipingi mwandishi kulipwa. 80 Days na Florence zote ziliuzwa, unalipa mara moja basi. Ninachopinga ni kuwekea bei tendo la mhusika. Chaguo likishakuwa na bei, mchezaji anauwaza mfuko wake, mhusika anamtoka akilini.

Vifaa vya kuandikia ni vya bure. Twine, aliyoianzisha Chris Klimas mwaka 2009, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na ukimaliza unapata faili moja la HTML, yaani ukurasa wa wavuti, linalofunguka hata kwenye simu. Lugha ya ink, ambayo inkle waliitumia kwenye 80 Days, waliiachia wazi kwa kila mtu mwaka 2016. Ni maandishi ya kawaida: alama ya nyota mwanzoni mwa mstari hufanya chaguo, na kistari hukusanya matawi yakutane. Mtu anayejua kuandika mazungumzo ya Kiswahili anaweza kuanza leo jioni.

Ushauri wangu kwa kazi ya kwanza: wahusika wawili, usiku mmoja, mazungumzo ya meseji, machaguo yasiyozidi kumi. Waandike wanavyochati watu wa kwenu, kwa sentensi fupi, na kimya kiwe na sababu. Kisha mpe mtu asome ukiwa umeketi pembeni yake, usiseme neno, tazama kidole gumba chake. Kikisita juu ya kioo, chaguo hilo liache lilivyo. Kikibonyeza papo hapo bila kusita, liandike upya.