Uhamaji wa kemikali: chupa inapoingia kwenye kilichomo

Bibi yangu wa Wete huweka mafuta ya karafuu kwenye kichupa cha kioo na hataki kusikia jengine. Siku moja nilimimina kidogo kwenye gilasi ya plastiki, zile za kutupwa, nikaenda kuswali. Kurudi, kitako cha gilasi kimelainika, kinanata kama ulimbo. "Si nilikwambia, mjukuu wangu? Hayo yanakula."

Pale plastiki iliyeyuka tukaiona. Uhamaji ni jambo la jamii hiyo hiyo, ila halionekani: chupa inabaki ngumu na inang'aa, huku vijichembe vinatoka kwenye plastiki na kuingia kwenye kilichomo. Aghalabu huwa ni mabaki ya malighafi yaliyokosa kushikana kiwandani, au vitu vilivyotiwa ili plastiki iwe laini. Vitatoka kiasi gani hutegemea joto, muda, na zaidi ya yote kile ulichotia. Maji ni mpole. Mafuta na pombe kali huvuta vitu ambavyo maji huviacha.

Ndiyo maana mfano unaoeleweka haraka unatoka kwenye pombe, hata kwa sisi tusioigusa. Mwaka 1968 Marekani iliruhusu, kwa majaribio, pombe kali kutiwa kwenye chupa za PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Vipimo vikaja kuonyesha kwamba kloridi ya vinili, gesi inayotengenezewa PVC, imo ndani ya kinywaji. Mwaka 1973 chupa hizo zikakataliwa. Mwanzoni mwa 1974 ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha PVC huko Louisville, Marekani, walikufa kwa saratani adimu ya ini, na gesi hiyo ikawa na jina baya dunia nzima. Chupa za plastiki za pombe unazoziona leo kwa kawaida ni za plastiki nyengine iitwayo PET, zenye namba 1 ndani ya pembetatu.

Kupima si kuonja. Maabara hutia kimiminika cha kuigiza. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, huigiza pombe kali kwa maji yenye ethanoli (kilevi kilichomo kwenye pombe) nusu kwa nusu, na kwa bidhaa ya kukaa muda mrefu chupa hupashwa nyuzi 60 kwa siku 10, maana hakuna wa kungoja mwaka mzima. Jumla ya kinachohama isizidi miligramu 10 kwa kila desimita ya mraba ya plastiki.



Kwa hiyo chupa iliyofaulu kwa maji imefaulu kwa maji. Ukiitia mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) ukaiacha dirishani juani, hilo hakuna aliyelipima.