Mabomu ya ardhini yanayomwagwa kwa mizinga ni nini?

Tumezoea kusema "mabomu ya kutegwa ardhini", na jina hilo lina picha yake: askari amepiga magoti, amechimba, amefukia, na kama ana nidhamu ameweka alama kwenye ramani. Mtegaji anajua alipotega. Mabomu tunayoyazungumzia hapa hayategwi na yeyote. Humwagwa kutoka mbali, na huenda aliyeyafyatua asikanyage kamwe ardhi ile.

Kombora la kawaida la mzinga hujazwa baruti. Hili limepakiwa mabomu madogo. Likiwa bado angani juu ya eneo lililolengwa, fyuzi ya muda huwasha baruti kidogo inayoyasukuma mabomu nje kupitia kitakoni mwa kombora. Yanaanguka, yanabiringika, yanatulia popote: barabarani, kwenye nyasi, mtaroni. Muda mfupi baadaye yanakuwa tayari kulipuka.

Marekani ina aina mbili kuu za kurushwa na mizinga ya milimita 155. RAAM ni ya kuharibu vifaru, na kombora moja hubeba mabomu 9. Hayangoji kukanyagwa: yana kihisio cha sumaku kinachotambua chuma kikubwa kinachopita juu yake. Kwa kuwa hakuna ajuaye bomu litalalia upande gani, limeundwa liweze kupiga likiwa limelala kifudifudi au chali. Aina ya pili, ADAM, ni ya kuua watu, 36 katika kombora moja. Bomu likishatua, hurusha nyuzi nyembamba pande zote kama buibui anayetandaza utando. Mguu ukigusa uzi, tufe dogo la baruti huruka juu na kupasukia hewani.

Wanajeshi huyapenda kwa sababu ya haraka. Kufukia mabomu kwa mkono ni kazi ya saa nyingi, na lazima wahandisi wafike mahali penyewe. Mizinga hufanya hivyo kwa dakika chache, ikiwa umbali wa kilomita 17 hivi. Kubwa zaidi, inaweza kuziba tena njia ambayo adui ameshaisafisha, hata nyuma ya mgongo wake. Mwanzoni mwa 2023, kwenye mapigano ya Vuhledar nchini Ukraine, misafara ya vifaru vya Urusi ilikumbana na hila hiyo.

Je, vita vikihama? RAAM na ADAM zina saa ya kujilipua zenyewe, baada ya saa 4 au 48 kutegemea toleo. Si mabomu yote ya kumwagwa yaliyo na hekima hiyo. PFM-1 ya Kisovieti, kijibomu cha plastiki chenye bawa kama jani, toleo lake la kwanza halijilipui. Roketi moja ya Uragan, mtambo wa Kisovieti wa kurushia roketi, hubeba 312. Afghanistan iliyajua kwa uchungu, hasa kupitia watoto waliodhani ni vitu vya kuchezea.

Sheria nayo imegawanyika. Mkataba wa Ottawa wa 1997 unapiga marufuku mabomu ya kuua watu, lakini haugusi ya vifaru. Marekani, Urusi na China hazimo. Itifaki ya Pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Silaha Fulani za Kawaida, iliyorekebishwa 1996, inaruhusu hadi asilimia 10 ya mabomu ya kuua watu yanayorushwa kutoka mbali yashindwe kujilipua ndani ya siku 30, mradi baada ya siku 120 lisibaki zaidi ya moja kati ya 1,000 lenye uwezo wa kulipuka. Piga hesabu: mizinga sita, kila mmoja kombora moja la ADAM, ni mabomu 216. Kwa kiwango cha asilimia 10, 21 yanaweza kubaki yamelala majanini baada ya mwezi.

Mteguaji atakayefika baadaye hana ramani ya kila bomu, na hawezi kutambua kwa macho lipi betri yake imekwisha na lipi bado li hai. Kwa hiyo huyachukulia yote kuwa hai, na mara nyingi huyalipua pale pale yalipolala, moja baada ya jingine.