Majana ya nyigu na panzi wa mpunga: maswali kuhusu wadudu wanaoliwa vijijini Japani

Ni wadudu gani, na wanaliwa wapi?
Zaidi milimani, katika mikoa ya Nagano na Gifu, mbali na bahari, ambako zamani samaki wabichi walikuwa adimu. Huliwa panzi wa mashamba ya mpunga (*inago*), majana ya nyigu, yaani watoto wao wasioota mabawa (*hachinoko*), na *zazamushi*, wadudu wachanga wanaookotwa chini ya mawe ya mto Tenryu wakati wa baridi kali.

Nyigu huwindwaje bila kuumwa?
Kuumwa, wanaumwa. Mwindaji humtega nyigu kwa chambo, kisha humpa kinofu kilichofungwa uzi wenye kishada cheupe. Nyigu anapaa na mzigo wake, na watu wazima, wengine na mvi zao, wanamfukuzia macho juu, wakijikwaa kwenye mizizi, mpaka kishada kipotelee kwenye tundu ardhini. Hapo hufukiza moshi, nyigu wakalewa, kiota kikachimbuliwa. Wapo wanaokihamishia nyumbani kwenye sanduku na kukilisha maini ya kuku na sukari hadi vuli. Kule Kushihara, Gifu, viota hushindanishwa kwa uzito kila Novemba.

Hatari kubwa kuliko zote iko hapa, wala si mezani. Aliyewahi kuvimba uso, kubanwa pumzi au kuzirai baada ya kuumwa na nyigu asithubutu kwenda. Dalili hizo zikitokea, ni hospitali mara moja.

Kwa nini panzi hushindishwa njaa usiku kucha?
Watoe kinyesi. Asubuhi huchemshwa, wakang'olewa miguu ya nyuma inayokwaruza koo, kisha wakapikwa taratibu kwa sosi ya soya na sukari mpaka wang'ae. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini hakuondoi dawa ya shambani. Panzi wa shamba lililopuliziwa waachwe hukohuko.

Wana lishe?
Protini, mafuta na madini wanayo. Ila kijiko kimoja juu ya wali hakitoshi kuwa kitoweo cha siku.

Nani ajihadhari?
Mwenye mzio wa kamba au kaa. Wadudu wana protini inayofanana sana na ya kamba, na moto hauimalizi. Mwenye presha naye aangalie ile sosi, maana ina chumvi nyingi. Wenyewe huila kidogo kidogo, na wali wao hautiwi chumvi.