Hesabu ya hewa ukaa inaanzia mgodini

Wiki iliyopita kijana ninayemsimamia hapa Mbeya aliniletea hesabu ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe unaonasa hewa ukaa. "Mwalimu, unanasa asilimia 90, basi madhara yamepungua kwa asilimia 90." Nikamwambia, "Umeanzia kwenye bomba la moshi. Rudi mgodini."

Kunasa hewa ukaa kunakula nishati. Moshi hupitishwa kwenye kimiminika chenye kemikali iitwayo amini, ambacho hushika hewa ukaa. Kisha kimiminika hupashwa moto ili kiiachie, na gesi hugandamizwa hadi iweze kusukumwa ardhini. Mvuke wa kazi hiyo kwa kawaida hutoka kwenye mtambo uleule. Ukitaka umeme usipungue, uchome makaa zaidi.

Tulikaa na karatasi. Mtambo usionasa kitu tuupe tani 100 za hewa ukaa. Tuseme kunasa kumeongeza makaa kwa robo: sasa zinazalishwa tani 125. Ukinasa asilimia 90, umezika 112.5 na 12.5 zimeponyoka. Ulichookoa ni 100 toa 12.5, yaani tani 87.5. Ripoti nyingi hupenda kutaja ile 112.5, na jambo hilo linaniudhi kweli, maana msomaji hubaki na picha isiyo sahihi.

Hapo bado hatujagusa mgodi. Makaa yakichimbwa, gesi ya methani iliyokuwa imejificha kwenye tabaka hutoka, na kwa kipindi cha miaka 100 tani moja yake hupasha dunia joto karibu kama tani 28 za hewa ukaa. Malori yanayopandisha makaa kutoka Kiwira kuja Uyole yanachoma dizeli. Ile robo ya ziada imeviongeza vyote hivyo, na hakuna kinachovinasa. Kwa hiyo pima kwa kila kilowati-saa inayomfikia mtumiaji.

Kwenye saruji nina msimamo tofauti. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa tanurini hutoa kilo 44 za hewa ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, hata ukichomea kuni au jua. Huko naona kunasa kuna maana zaidi.

Halafu kuna kuhifadhi. Kwenye eneo la gesi la Sleipner, Norway, tangu 1996 wamekuwa wakisukuma hewa ukaa chini ya bahari, kwenye mchanga-mwamba uliofunikwa na tabaka lisilopenyeka. Sisi tunaishi juu ya volkano na nyufa. Rungwe hewa ukaa hutoka ardhini yenyewe, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni. Nimewahi kukuta panzi na vipepeo wamekufa ndani ya kishimo kisichofika goti, nyasi zote pembeni zikiwa mbichi. Nikikumbuka kishimo kile, siwezi kuandika sifuri kwenye safu ya uvujaji bila kuuliza mwamba wa juu ni upi.

Kijana nimemwongezea safu mbili: bomba la kutoka mtamboni hadi kwenye mwamba unaofaa, na ufuatiliaji wa kisima baada ya kufungwa. Tutazijaza pamoja Jumatatu.